Kiungo Alichokifuta Fagio

Siku ya kumi na mbili tangu Konokono anyamaze, mjukuu wangu alikubali kuolewa na mfamasia. Hakukubali kwa kuruka wala kwa kulia. Alikuwa anasaga lenzi, mashine inavuma, mama yake amesimama mlangoni na kitambaa cha jikoni begani. Mama akamuuliza kwa mara ya tatu, "Niwaambie nini wakija?" Mtoto akazima mashine, akaiinua ile lenzi kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Waambie sawa."

"Sawa ndiyo, au sawa tutaona?"

"Sawa ndiyo, mama."

Binti yangu akapanda ngazi kwenda kupanga viti. Mama yake mfamasia alikuwa aje saa kumi kuchukua jibu, na wakati huo ilikuwa saa tisa. Mjukuu wangu akawasha tena mashine. Mimi nikaendelea na kazi yangu ya dukani, kupangusa fremu, maana sikuulizwa.

Sasa huyo Konokono aliyenyamaza ni nani? Hapo lazima nirudi nyuma kidogo.

Mjukuu wangu ni fundi miwani. Duka liko chini, sisi tunakaa juu. Ila ana kazi ya pili, ya mapenzi yake tu. Kuna jukwaa kwenye mtandao linaitwa Umeiona Hii?, lina watu zaidi ya elfu arobaini. Kila mmoja akikuta mahali habari nzuri, ya sayansi, ya mitambo, ya muziki, ya filamu ya zamani iliyosafishwa ikawa kama ya jana, anakuja kuweka kiungo chake pale. Kiungo ni kama mlango. Unagusa kwa kidole, unatokea kwenye habari yenyewe. Chini yake mwenye kukileta anaandika mistari miwili mitatu kusema kwa nini amekileta, halafu wenzake wanabishana mpaka wachoke. Asubuhi kwenye chai mjukuu wangu ananisomea. Ndivyo nilivyojua kwamba pweza ana mioyo mitatu, na kwamba yuko ndege anayeweza kulala huku anaruka.

Kule wanamwita Fagio, kwa sababu ndiye msimamizi anayefagia. Kila asubuhi, kabla hajafungua duka, anapitia viungo vilivyoletwa usiku kucha. Vile ambavyo watu walishavileta zamani, mtambo wa jukwaa unavitia alama nyekundu na kuvificha watu wasivione mpaka msimamizi avipitie. Yeye anavichagua vyote kwa pamoja, anavifuta kwa mguso mmoja, bila kufungua hata kimoja. Kasi hiyo ilikuwa fahari yake. "Marudio ni marudio, bibi," huniambia. "Hata akileta mwanzilishi wa jukwaa, nafuta."

Konokono naye ni fundi lifti. Simu yake hupata mtandao kwa taabu kule juu ya majengo, kwenye vyumba vya mitambo, kwa hiyo kila mjadala alifika wa mwisho, ndipo wakampa jina. Miaka minne iliyopita alileta kiungo cha kulungu wa nchi za theluji, ambaye macho yake ni ya dhahabu wakati wa joto na ya bluu wakati wa baridi. Fagio akamwandikia kwamba amekosea, kinachobadilika si mboni, ni utando ulioko nyuma kabisa ndani ya jicho. Konokono akabisha. Wakabishana siku tatu. Siku ya nne Konokono akaandika, "Nimeisoma habari yote tena. Umeshinda. Kesho tubishane nini?"

Hapo ndipo ilipoanza. Miaka minne, kila siku, chini ya viungo vya watu, hawa wawili wakizungumza. Namba za simu hawakupeana. Mjukuu wangu alikataa. Mchumba wake wa kwanza alikuwa bingwa wa kunong'ona kwenye ujumbe wa siri, na kumbe alikuwa na mke na watoto. Kwa hiyo Konokono aliambiwa mapema, "Ukiwa na neno la kuniambia, liseme mbele ya watu." Naye akawa anasema mbele ya watu, kwa adabu, mpaka elfu arobaini wote wakajua na wakaacha kutania.

Halafu ghafla akanyamaza. Siku ya kwanza mtoto alisema mtandao wake mbovu. Siku ya nne alisema labda anaumwa. Siku ya saba akaona jina lake kwenye kiungo cha roboti anayekunja nguo, amepita, amekipigia kura ya kukipenda, ameondoka bila neno. Hakusema tena kitu kuhusu Konokono. Na mfamasia, ambaye ni kijana mzuri, sina la kumtia doa, alikuwa ameshatuma mama yake mara mbili.

Basi, saa tisa na robo, mlango wa duka ukasukumwa.

Aliingia mwanamume mfupi, amevaa ovaroli yenye madoa ya grisi, mkoba wa vifaa begani, nywele zimeanza kumkimbia mbele. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya sikioni.

"Hodi humu. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimekuja kutengenezewa miwani. Karatasi ya daktari wa macho ninayo."

Mjukuu wangu akaipokea bila kumtazama, macho kwenye namba. "Kaa kwenye hicho kiti, kaka. Niandike jina gani?"

"Andika Konokono."

Kalamu ikasimama. Mashine bado inavuma, hakuna anayeisikia. Niliona vidole vyake vikiigeuza ile karatasi upande wa pili, kama kule nyuma kungekuwa na maelezo.

"Konokono yupi?"

"Sidhani kama unao wawili."

Akazima mashine. Akamtazama. Nami nilimtazama yeye akimtazama, na nitasema nilichoona bila kuongeza. Alianza na viatu, akaja kwenye mikono, akafika usoni, akakaa hapo. Hakutabasamu. Yule fundi naye hakutabasamu, ila masikio yalimwiva.

"Umelijuaje duka?"

"Mwaka juzi uliweka picha ya mashine yako hiyo. Kibao cha duka kilionekana kwenye kioo, kimegeuka. Nikakisoma kinyumenyume."

"Mwaka juzi. Na hukuja."

"Hukuniita."

"Na leo nimekuita?"

"Leo nina karatasi ya daktari." Akakohoa. "Kesho kutwa nasafiri. Kuna hospitali mpya tunaiwekea lifti, mbali huko. Kazi ya miaka miwili. Nikaona nisiende nimefunga waya sikioni."

"Huko hakuna mafundi miwani?"

"Wapo."

Mjukuu wangu akavuta kigoda, akaketi mbele yake, magoti kwa magoti karibu yagusane, akatoa kijirula chake cha kupimia. Miwani haiwezi kutengenezwa kwa karatasi ya daktari peke yake. Fundi lazima apime umbali wa mboni kwa mboni, vinginevyo mvaaji ataumwa kichwa. Na hakuna njia ya kuupima ila kumkazia mtu macho. Wateja wengi hucheka.

"Vua hiyo. Tazama jicho langu la kushoto."

Akavua, akatazama.

"Usipepese."

"Sipepesi."

"Sasa la kulia."

Kwa kawaida kipimo hicho hakichukui muda wa mtu kufunga kamba ya kiatu. Siku hiyo nilipangusa fremu tatu nzima. Rula ilikuwa juu ya pua yake na namba ikamtoka kichwani, ikabidi arudie. Akarudia tena.

"Sitini na tatu," akasema mwishowe, na hakushusha rula. "Siku kumi na mbili, Konokono."

"Umezihesabu?"

"Mimi ni msimamizi. Nahesabu kila kitu."

"Basi na jibu ulilonipa utakuwa unalikumbuka."

"Jibu gani? Mimi nimekujibu nini?"

Akatoa simu kwenye mfuko wa ovaroli, akaivuta karibu na pua kwa kuwa hakuwa na miwani, akasoma kwa sauti isiyo na chumvi wala sukari, "Asante. Hili tumeshaliona. Leta jipya."

Mjukuu wangu akapumua. "Eh, hiyo! Hiyo ni taarifa ya mtambo. Inakwenda kwa kila aliyerudia kiungo."

"Maneno yake nani aliyaandika?"

"Mimi. Lakini zamani, kabla hata sijakujua."

"Mazuri. Mafupi."

"Ulirudia kiungo gani?"

"Cha kulungu."

"Cha kulungu ulikileta mwenyewe! Kanuni unaijua kuliko wengi. Kwa nini ukilete tena?"

"Kwa sababu ndicho kilichotukutanisha. Nilidhani utasoma nilichoandika chini yake."

"Uliandika nini?"

Fundi akaiweka simu gotini. "Kweli hujui?"

"Mimi sifungui, Konokono. Vyenye alama nyekundu nachagua vyote, nafuta mara moja. Siku hiyo..." Akasita. "Siku hiyo vilikuwa sitini na kimoja. Nilitumia sekunde nne."

"Basi mimi nilikuwa kimoja cha sitini na kimoja."

Alilisema polepole, kama mtu anayesoma namba ya ghorofa. Sikuona chuki ndani yake. Labda ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

Mjukuu wangu akainuka akaenda kwenye kompyuta. Vilivyofutwa huwekwa mwezi mmoja kabla havijapotea kabisa, ni msimamizi peke yake anayeviona. Akatafuta, akapata, akasoma amesimama. Alisoma mara moja. Kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta, bila kuniambia soma, nami nikasoma kwa kufuata na kidole:

"Nililileta hili miaka minne iliyopita ukanisahihisha. Tangu siku ile kila ninapoona jambo zuri najiuliza wewe utalionaje. Nimechoka kujiuliza nikiwa mbali. Naomba nikuoe. Ulisema neno langu niliseme mbele ya watu, basi nimesema."

Nikamrudishia kompyuta yake.

Mnadhani alimkimbilia? Alimgeukia kwa hasira, mara ya kwanza nimemwona ana hasira tangu siku zile kumi na mbili zianze.

"Na wewe mtu anakufuta, unakaa kimya? Huulizi?"

"Nilishaambiwa nilete jipya."

"Ungegombana! Ulinigombeza siku tatu nzima kwa jicho la kulungu, halafu kwa jambo hili unanywea?"

"Kwa kulungu nilikuwa na uhakika."

"Kwa kulungu ulikuwa umekosea!"

"Ndiyo maana," akasema yule fundi. "Nilipokosea kwa kitu nilichokuwa na uhakika nacho, nikaona kwako, ambako sina uhakika hata kidogo, nitulie."

Alitaka kucheka, mjukuu wangu, nikaona mdomo ukijizuia. Ikatoka sauti nyingine, akageukia dirishani akafuta uso kwa kitambaa cha lenzi.

"Nimeshakubali mtu mwingine," akasema akiwa amempa mgongo. "Leo hii. Saa moja haijapita. Wanakuja saa kumi kuchukua jibu."

Fundi lifti akatazama mikono yake. Akachukua miwani yake ya waya, akaivaa, upande mmoja ukakataa kukaa, akaushikilia kwa kidole.

"Ni mtu mzuri?"

"Mzuri."

"Anabishana?"

"Habishani kabisa. Kila ninachosema anasema ni kweli."

"Pole," akasema Konokono. Hakukusudia mzaha, nadhani. Lakini mimi nilicheka, na kicheko changu ndicho kilichomshusha binti yangu ngazi.

Alikuja amevaa tayari nguo ya wageni. Akasimama, akaona mwanamume kwenye kiti, akaona macho ya mwanawe.

"Huyu ni nani?"

"Mteja, mama," akasema yule fundi lifti akisimama. "Shikamoo."

"Ni Konokono, mama," akasema mtoto.

"Konokono! Yule aliyekunyamazia?"

"Nilimfuta. Mimi ndiye niliyemfuta, bila kujua. Alikuwa ameomba kunioa."

Binti yangu akavuta pumzi ya mtu anayepokea mzigo mzito. "Ulifanya vizuri. Acha ibaki hivyo hivyo."

"Mama!"

"Mama nini? Mfamasia namjua. Namjua mama yake, najua marehemu babu yake alikuwa mkali kwa nani na mpole kwa nani. Huyu namjua kwa lipi? Kwa habari za pweza?" Akamgeukia Konokono. "Usinielewe vibaya, baba. Sina ugomvi na wewe. Ila huyu mtoto nilishamwokota chini mara moja kwa sababu ya mwanamume hodari wa kuandika, na mgongo wangu haujapona."

"Nimekuelewa, mama."

"Umenielewa, na bado umekaa."

"Nimesimama, mama."

Na kweli alikuwa amesimama. Binti yangu akamtazama juu mpaka chini, na safari haikuwa ndefu.

"Yule wa kwanza alininong'onea," mjukuu wangu akasema. Sauti yake sasa ilikuwa shwari, ile anayotumia kumwambia mteja kwamba lenzi yake imepasuka na itasagwa nyingine. "Huyu alikusudia kuomba mbele ya watu elfu arobaini."

"Ukamfuta."

"Nikamfuta. Nami naogopa, mama, kuwa leo nitafuta tena, kwa sababu saa kumi inakaribia na viti vimeshapangwa."

Binti yangu akanigeukia. "Na wewe, mama, umekaa hapo unapangusa tu! Husemi?"

"Anayeolewa si mimi," nikamwambia.

Hapo tukasikia hodi. Ilitoka mlango wa pembeni, ule wa ngazi ya nyumbani, hodi ya mtu mwenye haki ya kupiga hodi. Saa ya ukutani ilikuwa bado dakika kumi. Mama yake mfamasia huwa hachelewi.

Mjukuu wangu akavua koti lake jeupe la kazi. "Nitakwenda mimi. Nilikubali mwenyewe, nitakataa mwenyewe."

"Utakataa?" akauliza mama yake, chini kwa chini.

"Nakataa, mama. Kwa heshima zote."

Binti yangu alikaa akimtazama. Nilimzaa, nikamlea, na mpaka leo sijui alikuwa anapima nini. Kisha akanyoosha nguo yake ya wageni.

"Rudisha koti. Hilo ni neno la mzazi kwa mzazi. Wewe utalisema vibaya."

Akatoka, akaurudishia mlango lakini haukufunga vizuri, na sisi watatu tukasikiliza bila aibu.

Tulisikia salamu, ndefu, za watoto na za miguu inayouma. Tukasikia akisema, "Dada yangu, nimekukosea. Nimekufanya uje mara tatu, na jibu ni hapana." Kisha sauti ya yule mama, "Ana mtu?" Na binti yangu, "Anaye. Fundi lifti." Yule mama akauliza, "Mnamfahamu?"

Konokono alikuwa anatazama sakafu. Mjukuu wangu alikuwa anautazama mlango.

"Bado," akasema binti yangu.

"Mwanangu mnamfahamu tangu anatambaa."

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

Hatukusikia tena isipokuwa viatu vikiondoka hatua moja moja, taratibu, bila kukimbia. Yule mama ana heshima zake. Niliumia kwa ajili yake, na naumia bado.

"Hiyo hapana ilikuwa ya mfamasia," Konokono akasema. "Mimi yangu ni ipi?"

"Hiyo hospitali ya miaka miwili," mjukuu wangu akauliza, "itakuwa na wagonjwa wa macho?"

"Ina ghorofa nzima ya macho."

"Basi watahitaji miwani." Akachukua kalamu aliyoiacha, akaiweka, akaichukua tena. "Yako ni ndiyo. Na usininyamazie tena hata siku moja. Nikikufuta, piga kelele."

"Nitapiga."

Ndipo binti yangu aliporudi. Alikuwa amejikaza, lakini kope zilikuwa na maji. Akavuta kile kigoda cha kupimia, akaketi mbele ya fundi lifti pale pale alipoketi mwanawe, magoti kwa magoti.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai, mama."

"Anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Mpigie."

Akapiga. Vidole vilikosea namba mara moja. Simu ilipoanza kuita binti yangu akaichukua mkononi mwake, akaiweka sikioni, akakaa wima. Tukasikia sauti ya mwanamke ikipanda kwa hofu, hofu ya kila mama mwenye mtoto anayefanya kazi juu ya shimo la lifti, anapopokea simu ya mwanawe akasikia sauti ngeni.

"Hapana, dada, hapana," binti yangu akasema, na mkono wake mwingine ukamshika yule kijana begani, kama vile mama yake angeweza kuuona. "Hajaanguka. Mzima kabisa, yuko mbele yangu. Tulia, kaa chini kwanza. Ametaka kuoa."